Dume la Boran la kutafutiwa: nimelipia hii huduma hapa Dar, maoni yangu haya hapa

Naanza na maksi kabisa ili mwenye haraka aondoke zake: nyota nne kati ya tano. Huduma yenyewe ni ya kampuni moja ndogo ina ofisi maeneo ya Tazara, jina sitaji maana kuna mahali nitawasema humu na sitaki kesi. Kazi yao wanakutafutia dume la mbegu la ng'ombe wa nyama kutoka ranchi zinazotunza rekodi, wanakupeleka ukalione kwa macho yako, wanasimamia vipimo na kibali, wanalisafirisha mpaka zizini kwako halafu wanakufuatilia msimu wa kwanza. Mimi nakaa Kimara, ng'ombe zangu ziko upande wa Chalinze na mzigo wote nauzia mnada wa Pugu, kwa hiyo haya ni maoni ya mtu anayeuza nyama, kama wewe unafuga kwa ajili ya kupigia picha tu hutanielewa.

Kwanza kwa nini dume. Wengi wetu tukishika hela kidogo tunakimbilia kuongeza idadi, mtu ana ng'ombe hamsini anataka mia, akifika mia anaanza kulalamika malisho hayatoshi, mchungaji anataka kuongezwa mshahara, dawa ya josho inaisha kabla ya mwezi, na mwisho wa mwaka akipiga hesabu anakuta amebaki na hela ileile ya alipokuwa na hamsini. Nenda Pugu siku ya mnada, simama pembeni usiongee kitu, muangalie mnunuzi anayepeleka machinjio ya Vingunguti anavyofanya kazi yake. Hana karatasi hana mizani. Anamzunguka ng'ombe mara moja, anaangalia mgongo na mapaja, anabonyeza pale kwenye shina la mkia kuona kama kuna mafuta, halafu anamwambia mwenzake kwa sauti ya chini "mia na ishirini haifiki". Hapo anataja kilo za nyama baada ya kuchinja, uzito wa mnyama mzima hauna habari naye, na wanapatia wale jamaa asikwambie mtu. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye kilo 250 akiwa hai anatoa nyama nusu yake hivi au pungufu kidogo, na bei yote inaanzia hapo, huwezi kumbadilisha kwa maneno hata uwe dalali wa namna gani.

Sasa ukitaka hela zaidi pale una njia mbili tu, ulete ng'ombe mwenye kilo nyingi, au ulete wa kilo zilezile ila umekaa naye muda mfupi. Hii ya pili ndo watu hawaihesabu. Zebu wetu, huyu wa kienyeji mwenye nundu, anayekula majani matupu anachukua miaka minne mpaka mitano kufika uzito wa kuuzika, na miaka yote hiyo anaoga josho, anachanjwa, anachungwa, analamba chumvi, yaani anakula hela kimyakimya. Ukimtoa mwaka mmoja mapema hata kama bei ni ileile umeshaokoa mwaka mzima wa gharama na nafasi yake malishoni imepata mwingine. Mbegu bora inagusa hapo hapo, na njia ya bei rahisi ya kuiingiza ni dume kwa sababu jike akijitahidi sana anakupa ndama mmoja kwa mwaka lakini dume moja linahudumia majike kama 25 kwa msimu, nusu ya damu ya kila ndama inatoka kwake. Ukinunua mitamba mitano mizuri umeboresha ndama watano, ukinunua dume moja zuri umeboresha kundi.

Haya tuje kwenye huduma.

Kitu kilichonifanya niwaamini ni siku ya kwanza ofisini, yule mama wa mapokezi alinikaribisha vizuri akaniita daktari wao wa mifugo, kijana mdogo tu, nikamwamkia kwa jina la daktari na yeye akanipa shikamoo yangu, halafu hakuniuliza nina shilingi ngapi. Aliniuliza majike mangapi, ukubwa gani, nyasi za kiangazi zinakuwaje, maji yako umbali gani, naogesha kila baada ya muda gani na kupe ninaowaona ni wa aina gani. Nilikuwa nimeenda na picha ya Simmental, ng'ombe mkubwa wa Ulaya, kwenye simu, dume jitu zima lina kifua kama mlango, nikamwambia nataka hili. Akacheka kwa heshima akasema "mzee hili ukimpandisha mtamba wako wa kienyeji ndama atakwama kwenye kuzaliwa, utapoteza mama na mtoto, na hata wakitoka salama utawalisha nini mwezi wa tisa?" Hilo ni jibu la mtu anayejua kazi, maana angetaka kuniuzia tu angeniuzia la bei kubwa na kamisheni ikawa kubwa.

Akanishauri Boran. Kwa wasiomjua, Boran asili yake ni kule Borana kusini mwa Ethiopia, wafugaji wa ranchi za Kenya wakamchagua na kumchagua miaka mingi mpaka akawa mnyama wa nyama kweli, wana chama chao cha wafugaji wa Boran tangu 1951. Naye ni zebu kama wa kwetu, ana nundu, jua analivumilia, kupe anahimili kuliko hawa wa Ulaya, anatembea kwenda maji bila kudondoka, ila dume lake likikomaa linavuka kilo 500 kirahisi. Bonsmara wa Afrika Kusini naye nilimuuliza, mnyama mzuri, akaniambia kwa ukanda wa Pwani na josho langu la kubahatisha nianze na Boran kwanza hayo mengine baadaye. Nikaona isiwe tabu.

Ranchi waliyonipeleka nayo naiacha bila jina. Wakatutolea madume matatu, na hapa ndo mteja ajue anatakiwa kuangalia nini maana macho yanadanganya. Lile kubwa kuliko yote lilikuwa linang'aa, limenona, mimi nikashasema moyoni ndo lenyewe. Daktari akafungua faili lao. Kila dume lina namba ya hereni, tarehe ya kuzaliwa, mama yake nani, baba yake nani, uzito siku ya kuzaliwa, uzito siku ya kuachishwa kunyonya, uzito wa mwaka mmoja. Lile kubwa kumbe lilikuwa na umri mkubwa kuliko wenzake na lilikuwa linapewa mashudu ya alizeti na pumba kwa ajili ya maonyesho, ukilinganisha uzito wa kuachishwa likawa la mwisho kati ya yale matatu. La katikati, rangi ya maziwa, sura ya kawaida kabisa, ndo lilikuwa limeachishwa na kilo nyingi kuliko rika lake lote la mwaka ule na lilizaliwa na uzito wa wastani, maana yake halitakwamisha mama, na mama yake alikuwa anazaa kila mwaka bila kuruka. Mashudu hayarithiwi ndugu zangu. Unono wa kwenye ndoo unaishia kwenye ndoo, ndama anachopata ni kile alichozaliwa nacho baba yake, na huwezi kukiona bila karatasi.

Tukafungua mdomo kuhesabu meno, meno mawili makubwa ya mbele yametoka, ikaendana na tarehe ya kwenye faili, safi. Akalitembeza kwenye mawe kuangalia kwato na miguu ya nyuma. Akapima korodani kwa utepe mbele yangu, hii watu wanaona aibu lakini ndo kiwanda chenyewe, dume lenye korodani kubwa za kutosha lina mbegu nyingi na mabinti zake wanawahi kubalehe. Akaangalia na ile ngozi ya chini ya tumbo isining'inie sana, maana Boran wengine inaburuza mpaka miiba inaichana na dume likishaumia pale msimu umeenda.

Hapa sasa ndo nyota ya tano ilipopotea. Kwenye makubaliano waliniambia vipimo vimo kwenye bei, tulipofika kwenye damu wakaanza "mzee hiki kipimo cha ugonjwa wa kutupa mimba ni nje ya fungu". Nikawaambia bila hicho kipimo dume halipandi gari na hela hamuioni. Tukavutana kwenye simu karibu wiki nzima, mwisho sampuli zikapelekwa maabara ya veterinari pale Temeke na gharama wakabeba wao. Wewe ukienda usikubali kabisa kuruka hapo, dume lenye brusela, ndo huo ugonjwa wa kutupa mimba, linaweza kukuambukizia zizi zima, majike yanatupa mimba za miezi ya mwisho na wewe mwenyewe ukinywa maziwa mabichi unaumwa. Na magonjwa ya zinaa ya ng'ombe yapo, dume linaonekana zima kabisa kumbe linasambaza na majike hayashiki mimba, utalaumu malisho bure.

Usafiri nao nawapa alama ndogo. Kibali cha kusafirisha mifugo walikuwa nacho, sikusimamishwa popote, ila Fuso lilichelewa kutoka likatembea mchana wa jua kali na dume lilifungwa kamba fupi, limefika limechubuka goti. Daktari wao aliomba radhi akatibu. Dume lilichanjwa ndigana kali, ugonjwa wa kuua unaoletwa na kupe, wiki kadhaa kabla ya safari kwa sababu mimi nilidai, ile chanjo ya mara moja inayomkinga kwa muda mrefu sana, maana ukimleta mnyama wa milioni kadhaa kutoka sehemu yenye kupe wachache ukamwachia Pwani bila kinga unajichimbia shimo. Nikalitenga peke yake kama mwezi hivi lipoe, lizoee majani na maji ya hapa, mchungaji wangu analalamika "mzee dume linakula bure", nikamwambia liache lile.

Bei sasa maana najua ndo mnayoisubiri. Dume, vipimo, usafiri na ada yao vyote ilinitoka milioni tatu na nusu. Mke wangu aliposikia alinyamaza, na nyinyi mnajua ukimya wa namna ile. Nikamfanyia hesabu kwenye karatasi. Majike 25, tuseme asilimia 70 yanazaa, hiyo ni ndama 17 kwa mwaka, kwa miaka mitatu unakaribia ndama 50. Gawanya milioni tatu na nusu kwa 50, kila ndama amekugharimu elfu sabini kupata baba mzuri. Na miaka mitatu ikiisha dume lenyewe bado lina nyama yake, unaliuza Pugu au unabadilishana na jirani, hela nyingi tu inarudi. Ndama wa kwanza nilipowapima kwa ule mkanda wa kifuani wakati wa kuwaachisha, wengi walikuwa juu ya kilo 120, wakati wale wa dume langu la zamani kwa umri huohuo walikuwa wanahangaika kuifikia 90. Hizo kilo thelathini nimezipata kwenye majani yaleyale na mchungaji yuleyule, na tofauti inazidi kukua kadiri wanavyokua. Elfu sabini kwa kilo 30 za mapema, mnieleze nyie mnaokaa Pugu kila wiki kama hiyo ni hasara.

Kuna mtu atauliza kwa nini sikufanya uhimilishaji tu, yaani jike kuwekewa mbegu na mtaalamu bila dume, maana mrija wa mbegu ni bei ndogo na unapata damu ya dume ambalo hata kulisogelea usingeweza. Ni kweli, na hawa jamaa hiyo huduma wanayo pia, kituo cha taifa kipo Usa River kule Arusha kinazalisha mbegu miaka mingi. Kwa ng'ombe wa maziwa wa Mbezi au Goba waliofungwa bandani ningesema himilisha kesho. Ila kundi la nyama linalotembea porini ni habari nyingine. Jike anarudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na zebu wetu joto lake ni fupi, mara nyingi linakuja usiku mchungaji amelala, ukiliona asubuhi unatakiwa umhimilishe jioni, sasa mtaalamu yuko Kibaha na mtungi wake wa naitrojeni wa nyuzi 196 chini ya sifuri, barabara ni matope, akifika joto limekwisha. Unaweza kuwachoma sindano waje kwenye joto pamoja, nimeona jirani amefanya, lakini inataka majike yenye afya nzuri, mtu mwenye mkono mzuri na zizi lenye kibanio cha kumshikilia mnyama, na hata hapo wanaoshika kwa mara moja nusu ukibahatika. Dume lako halilali, halihitaji bando wala boda, linajua lenyewe nani yuko tayari. Mimi nitahimilisha majike machache bora kabisa ili nipate dume langu mwenyewe la kesho, kundi lililobaki kazi ya dume.

Ila kuna kitu kampuni haikuniambia mpaka nilipouliza na nadhani wangekisema mlangoni. Dume linakupa ukuaji, kwa sababu kasi ya kukua inarithiwa vizuri, kama theluthi hivi ya tofauti unazoziona inatoka kwenye damu. Uzazi hauko hivyo, unarithiwa kidogo sana, asilimia 10 hivi, uliobaki ni chakula, afya na usimamizi wako. Ni kweli ndama chotara anapata nguvu ya mchanganyiko, anakuwa mgumu na mabinti zake wanazaa vizuri kuliko wastani wa pande zote mbili, lakini jike lako linaloruka miaka halitabadilika kwa kupandishwa na dume la milioni tatu. Nilikaa na daftari nikapitia kila jike, na yale yasiyokuwa na ndama wala mimba mwaka wa pili mfululizo nikayapakia Pugu yote, hata yale niliyokuwa nayapenda kwa ukubwa. Shemeji yangu aliniona nimechanganyikiwa, "unauza majike makubwa unaacha madogo". Madogo yanazaa shem. Na nadhani nusu ya faida niliyoiona imetokana na hilo daftari, hela ya dume isingeonekana kama majike tasa yangebaki yanakula pale.

Halafu kuna suala la mabinti. Dume likikaa zaidi ya miaka mitatu watoto wake wa kike wa kwanza wanakuwa wamefika umri wa kupandishwa na lenyewe haliulizi undugu, ndama wa ndugu kwa ndugu wanazaliwa dhaifu na faida yote uliyoipata inarudi nyuma. Wafugaji wengi wanaingia hapo, wanapenda dume mpaka linawaharibia. Mimi nimeshapatana na mfugaji mwenzangu wa Lugoba mwenye Boran wa ukoo mwingine tutabadilishana, na kama nikiendelea kuleta dume safi kila mara basi kizazi cha kwanza nina nusu Boran, cha pili robo tatu, cha tatu saba ya nane. Sina haraka ya kufika mwisho wa hiyo ngazi kwa sababu kadiri damu inavyopanda na mdomo wa mnyama unapanda, kiangazi cha kwetu nakijua.

Ufuatiliaji wao msimu wa kwanza ulikuwa wa simu zaidi, waliahidi kuja kupima mimba wakaja kwa kuchelewa, ila walipokuja walifanya kazi ya maana, jike moja moja, wakaandika na kunipa nakala. Meseji wanajibu, usiku hawajibu.

Kwa nani inafaa: mwenye majike kuanzia ishirini hivi kwenda juu, mwenye josho au bomba la kunyunyizia linalotumika kweli, na mtu wa kuandika namba. Mwenye majike sita asitoe hela hii, aungane na majirani wawili watatu wanunue la pamoja ila wakubaliane mapema nani analipima damu na linalala kwa nani, au akodi. Na kama ng'ombe zako zinakonda kila mwezi wa tisa mpaka mbavu zinahesabika, hiyo milioni tatu na nusu peleka kwenye majani ya kukata na kisima kwanza, dume litakuwepo tu.

Ukienda ofisini kwao wahi asubuhi kabla ya saa nne, daktari akishatoka kwenda porini unabaki na mtu wa mauzo. Dai nakala ya faili la dume na majibu ya maabara kabla ya kulipa awamu ya pili, vipimo viandikwe kwa majina kwenye mkataba, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, uichukue papo hapo, mimi waliniambia mashine haina mtandao nikakaa kwenye kiti mpaka ikawa na mtandao.